Bunia: ukali wa kijidudu siyo kipimo pekee cha hatari

Ebola ikitajwa tu, mji wa Bunia unaamka. Ndoo za kunawa mikono zinawekwa kwenye milango ya maduka na makanisa, na wasafiri wanapimwa joto barabarani. Lakini kipindupindu kikitangazwa huko Kasenyi au Tchomia, kando ya Ziwa Albert, wengi mjini wanasema ni ugonjwa wa kawaida. Tabia hiyo ya kuogopa ugonjwa mmoja na kuzoea mwingine inaua watu.

Hesabu zinaonyesha wazi. Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika Ituri na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, iliua watu zaidi ya 2,200. Katikati ya kipindi hicho, tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto. Na chanjo ya surua ipo tangu miaka ya 1960.

Wataalamu wa maabara wanapanga vijidudu katika ngazi 4. Ngazi ya 1 ni vile visivyomdhuru mtu mwenye afya, kama hamira ya mkate. Ngazi ya 2 ni vile vinavyoleta ugonjwa lakini vina chanjo au dawa: surua na kipindupindu vimo humo. Ngazi ya 3 ni vile vinavyoweza kupita hewani na kuua, kama kifua kikuu, na tauni inayojulikana sana huko Rethy, eneo la Djugu. Ebola iko ngazi ya 4.

Lakini ngazi hizo zimewekwa kwa ajili ya mfanyakazi wa maabara, ili ajue avae nini na afanyie kazi chumba gani. Hazimwambii mama aliyekimbia vita na kuishi kambini Kigonze ni ugonjwa gani utamfikia mtoto wake kwanza. Mamba wa ziwani ni mkali, lakini hamwumi mtu aliye sokoni Bunia. Anamwuma yule anayeingia majini. Vivyo hivyo, hatari inategemea ukali wa kijidudu, njia kinayopita, na kinga aliyo nayo mtu.

Ebola inapita kwa kugusa damu au majimaji ya mgonjwa au ya maiti. Surua inapita hewani, na mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu zaidi ya 10 wasio na kinga. Kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache pasipo maji safi, hata kama maji ya chumvi na sukari yanaokoa wagonjwa wengi. Tauni inatibika mapema, ikiwa watu wanatoa habari mara tu wanapoona panya wamekufa ovyo.

Wengine watasema maneno haya yanapunguza uzito wa Ebola. Sivyo. Katika mlipuko ule watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, na kazi hiyo iliokoa wengi. Lakini raia aliyeona magari ya Ebola yakipita mbele ya kisima kilichokauka alijiuliza maswali, na uvumi kwamba Ebola ni biashara ukapata masikio.

Viongozi wa afya jimboni wanapaswa kutangaza kila ugonjwa kwa majibu matatu: unapita wapi, unazuiwa vipi, na dawa inapatikana wapi. Watangaze hivyo redioni kwa Kiswahili, Kilendu, Kihema na Kialur. Serikali na wafadhili nao waweke mabomba na vyoo kambini kabla ya mlipuko kutangazwa. Na kila mzazi aangalie leo karatasi ya chanjo ya mtoto wake. Ugonjwa uliozoeleka haupunguzi makali kwa sababu watu wameacha kuuogopa.