VYUO VIENDE TAIFA KWA USHINDI, SI KWA NAULI

Mpira wa kikapu ni mchezo usiokubali sare. Dakika 40 zikimalizika hali timu mbili ziko sawa, huongezwa dakika tano, na ikibidi huongezwa tano nyingine, mpaka apatikane mshindi. Ni ajabu basi kwamba mchezo wenye sheria kali kiasi hicho ndani ya uwanja huachiwa utaratibu legelege nje ya uwanja, pale linapoulizwa swali dogo tu: ni chuo gani kinachostahili kwenda kwenye mashindano ya taifa?

Pasipo mchujo, swali hilo hujibiwa na mhasibu. Chuo chenye basi na fungu la posho huenda. Chuo kisicho navyo hubaki nyumbani, hata kama kina vijana ambao wangewashinda wote. Hakuna aulizaye nani alimfunga nani. Huulizwa nani amelipa ada ya ushiriki, na msafara una watu wangapi. Aghalabu katika msafara wa namna hiyo viongozi hukaribia kuwa wengi kama wachezaji, na jambo hilo halimshangazi mtu, kwa kuwa mahali ambapo nafasi haikushindaniwa, kila mmoja hujiona anastahili kiti.

Mfano wa karibu ni kijana akaaye Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela, kwenye makazi ya walimu na watumishi wengi, naye anasoma Malimbe au Butimba. Ili afanye mazoezi ya jioni na timu ya chuo chake na kulala kwao, inambidi avuke jiji zima la Mwanza kwa daladala na kurejea usiku. Hufanya hivyo muhula mzima. Mwisho wake hutangaziwa ama kwamba safari imefutwa kwa kukosa nauli, ama kwamba safari ipo, ingawa timu haijacheza hata mchezo mmoja wa maana. Katika hali zote mbili jasho lake halikuhesabiwa. Na mzazi wake pale Kiseke, anayelipa karo, hajapata kumwona mwanawe akicheza, maana michezo yenye uzito ilifanyika katika mkoa mwingine, mbali na Ziwa.

Wapo wanaopendekeza dawa ya UMISSETA. Katika michezo hiyo ya shule za sekondari mchujo huanzia shuleni, hupanda hadi wilaya na mkoa, kisha mkoa hupeleka kombaini yake taifani. Watu wa Mwanza wanaujua utaratibu huo vizuri, kwani fainali za mwaka 2018 zilifanyika kwao. Kwa watoto wa sekondari utaratibu huo unafaa: shule ni nyingi, na kipaji kilichofichika katika shule ndogo ya kata hupata njia ya kutokea. Lakini kuuhamishia vyuoni ni kukosea. Mwanachuo wa Butimba huenda ametoka Lindi, na wa Bugando ametoka Arusha. Kuwaunganisha kwa siku chache za kambi na kuwaita timu ya Mwanza ni kubandika jina tu. Kinachowaunganisha wanafunzi hao ni chuo chao: mwalimu wao mmoja, uwanja wao mmoja, ratiba yao moja. Tena kombaini huteuliwa. Penye uteuzi pana meza, na penye meza pana mtu anayemjua mtu. Nafasi ya mezani haina tofauti kubwa na nafasi ya nauli.

Wengine husema: basi bingwa wa kila kanda aende, wengine wote wabaki, na mjadala uishe. Kauli hiyo ina haki ndani yake, ila ina upungufu ambao wenzetu wa Marekani waliugundua kwa uchungu. Huko mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu yalikuwa yakipokea timu moja tu kutoka kila ligi. Mwezi Machi 1974, katika fainali ya ligi ya pwani ya Atlantiki, North Carolina State waliwafunga Maryland pointi 103 kwa 100 baada ya muda wa nyongeza. Maryland, timu iliyohesabiwa miongoni mwa zilizo bora kabisa nchini humo, ikarudi nyumbani. North Carolina State wakaenda kuwa mabingwa wa taifa, wakikomesha utawala wa UCLA waliokuwa wametwaa ubingwa miaka saba mfululizo. Mwaka uliofuata idadi ya timu iliongezwa kutoka 25 hadi 32, na ligi moja ikaruhusiwa kutoa zaidi ya timu moja. Tangu 2011 timu ni 68: mabingwa wa ligi huingia moja kwa moja, na nafasi zilizosalia hujazwa na kamati inayopima matokeo ya msimu mzima.

Mtanzania asidhani mambo hayo hayamhusu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa mchezaji wa Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwezi Machi 2009 timu yake ilitolewa na Syracuse katika robo fainali ya ligi yao, pointi 127 kwa 117, baada ya vipindi sita vya nyongeza. Ubingwa wa ligi hiyo ulikwenda kwa Louisville. Kwa sheria ya zamani safari ya Connecticut ingekoma hapo. Kwa sheria mpya walihesabiwa kwa kazi ya msimu mzima, wakaingia taifani, wakafika nusu fainali. Na mwaka huohuo kijana wetu akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA.

Lililo muhimu ni kwamba Connecticut hawakuingia kwa hisani. Walikuwa na michezo zaidi ya thelathini iliyoandikwa, na yeyote aliyetaka kubisha angeweza kuitazama. Kamati yoyote hapa nchini itakayotoa nafasi ya ziada bila kumbukumbu ya namna hiyo itakuwa inagawa zawadi.

Linalotakiwa, basi, ni ligi ya kanda kwanza. Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Shinyanga na Simiyu ni kanda moja kwa jiografia na kwa biashara. Haioneshi sababu isiwe kanda moja kwa mpira wa kikapu wa vyuo. Hapa hutokea pingamizi la kawaida kwamba vyuo ni vichache na kila kundi lina shirikisho lake: vyuo vikuu viko chini ya TUSA, vyuo vingine vya elimu ya juu viko SHIMIVUTA, na vyuo vya ualimu vina UMISAVUTA. Pingamizi hilo ni la kiofisi tu. Vyuo vyote vya kanda vinaweza kucheza ligi moja, na kila shirikisho likachukua kutoka katika msimamo huo wanachama wake waliofanya vizuri zaidi. Mtakatifu Augustino wa Malimbe acheze na Butimba, Bugando acheze na Tarime. Bora mchezo mgumu dhidi ya chuo cha shirikisho jingine kuliko kukosa mchezo kabisa.

Ama gharama, mpira wa kikapu ni katika michezo nafuu. Timu ni wachezaji 12. Uwanja mmoja, kama ule wa Mirongo, unaweza kupokea michezo minne au mitano kwa siku moja. Kutoka Mwanza hadi Shinyanga au Musoma ni safari ya asubuhi, ilhali Dar es Salaam iko zaidi ya kilometa 1,100. Hata upande wa Geita na Kagera, kisingizio cha foleni ya kivuko kimekwisha tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilipofunguliwa Juni 2025. Chuo cha Ualimu Murutunguru bado kitavuka Ziwa kwa meli kutoka Nansio, na ratiba ya haki lazima ikikumbuke: kisipangiwe mchezo saa mbili asubuhi halafu kikaandikwa kuwa hakikutokea.

Kuhusu kutotokea, sheria za FIBA zina busara ambayo viongozi wengi hawajaitumia. Anayeshinda hupata pointi mbili. Anayeshindwa hupata pointi moja. Asiyefika uwanjani hupata sifuri, na mchezo huandikwa 20 kwa 0. Maana yake ni kwamba chuo dhaifu kinachofika na kufungwa kila mara kinajijengea hesabu, na chuo chenye jina kubwa kinachosubiri fainali kikiwa kimekaa kinajichimbia shimo. Timu zikilingana pointi, hutazamwa kwanza matokeo ya michezo iliyozikutanisha zenyewe. Hakuna kipengele hata kimoja kinachouliza nani ana basi.

Ligi ya namna hii itawabana pia mamluki. Ni rahisi kumvalisha jezi ya chuo mchezaji wa klabu ya mjini kwa mashindano ya wiki moja, katika mkoa ambao hakuna amjuaye. Ni vigumu sana kumficha kwa miezi mitatu mbele ya wanafunzi wanaokaa naye mtaa mmoja. Orodha ya wachezaji ifungwe kabla ya mchezo wa kwanza, ikiwa na namba za usajili zilizothibitishwa na ofisi ya taaluma ya chuo, na asiyekuwa katika orodha hiyo asicheze taifani, awe nani.

Timu za wanawake ziwe na msimamo wao wenyewe na nafasi zao wenyewe. Imezoeleka mahali pengi kwamba fedha zikipungua, basi la wasichana ndilo linaloshushwa kwanza, na mkuu wa msafara huona ametumia busara. Palipo na mchujo, timu ya wasichana iliyoshinda kanda itakuwa na haki iliyoandikwa, na mhasibu atalazimika kueleza kwa maandishi kwa nini anawabakiza washindi na kuwasafirisha wavulana walioshika nafasi ya tano.

Walimu wakuu wa vyuo watauliza kuhusu mitihani, na wana haki ya kuuliza. Mashindano ya kukurupuka ndiyo yanayomnyima mwanafunzi vipindi wiki mbili mfululizo. Michezo ya kanda inaweza kuchezwa Jumamosi na Jumapili, ratiba ikatolewa kabla ya mwaka wa masomo kuanza, na makatibu wa mashirikisho hayo matatu wakaketi siku moja na Maafisa Michezo wa mikoa sita kukubaliana tarehe, waamuzi na atakayewalipa.