Picha ya Helikopta Juu ya Menengai



Ndugu msomaji, wewe uliyeko pwani wakati wa kaskazi hulalamikia joto na vumbi. Sisi tulioko huku Nakuru, miezi hiyohiyo, huwa macho yetu yako juu ya mlima. Kuanzia Januari hadi mvua za Machi, nyasi za Menengai hugeuka rangi ya mkate uliookwa, na majani ya mleleshwa, yenye mafuta na harufu kali, hukauka yakiwa bado mtini. Hapo cheche moja tu hutosha: ya mrina asali anayefukiza nyuki, ya mchoma makaa, au ya kipande cha sigara kilichotupwa na mpita njia.

Kwa asiyeufahamu mji huu, Menengai si kilele, ni shimo kubwa la volkano iliyoporomoka, lenye upana wa kilomita kumi na mbili hivi kwa nane, na ukingo wake umeinuka kaskazini mwa mji. Bondeni, mtaa wetu wa zamani wenye misikiti na majirani wa makabila mengi, uko chini. Moto ukishika huko juu tunauona sote, mwenye nyumba na mpangaji.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Februari, baada ya swala ya Alasiri. Nilikuwa jikoni ninakanda unga wa chapati niliposikia mngurumo, na kabla sijauliza, mwanangu wa miaka kumi na mitatu alikuwa amekwisha kuichukua simu yangu na kupanda juu ya dari ya nyumba ya jirani. Moshi ulikuwa umetanda upande wa Menengai, na helikopta moja ilikuwa ikizunguka mbele yake. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wamepanda huko na simu za mama zao. Aliposhuka, kifua kikimpanda kwa furaha, alinionyesha picha aliyoipiga.

Sitaficha kwamba ilikuwa picha nzuri. Jua lilikuwa likitua, moshi umekuwa mwekundu kama shaba, helikopta imesimama katikati kama kereng'ende, na mnara wa msikiti umechomoza mbele yake. Nikaituma hapo hapo kwenye kundi la jamaa zetu, nikaandika maneno matatu: "Moto, tuombeeni dua." Nikarudi kwenye chapati zangu. Haukupita muda umeme ukakatika, na simu, ambayo chaji yake ilikuwa imemalizwa na mpiga picha wangu, ikazimika.

Ndugu zangu, nililala usingizi mwema. Moto ulikuwa mbali, kilomita kadhaa, na upepo ulikuwa ukiupeleka upande mwingine. Kila mtu Bondeni alilijua hilo. Ila picha haikulijua.

Alfajiri mlango uligongwa. Alikuwa binamu yangu kutoka Mombasa, macho mekundu, kikoi kimejaa vumbi la safari. Usiku ule picha ilikuwa imetoka kwenye kundi letu ikaingia makundi mengine, na kila ilipopita maneno yaliongezwa, hadi ikamrudia shangazi yangu wa Kibokoni ikiwa na maandishi kwamba Bondeni imeungua na msikiti wake umezingirwa. Alinipigia simu mara nyingi asinipate. Ana maradhi ya presha. Alikaa juu ya msala kwa muda, kisha akamwambia mwanawe, "Nenda kaniangalizie watoto wa ndugu yangu, wakiwa hai au wamekufa." Kijana akaendesha gari zaidi ya kilomita mia sita usiku, katika barabara ambayo sote tunajua imewatia wangapi makaburini. Alipotuona wazima hakusema neno. Alikaa kwenye kizingiti akalia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: kosa lilikuwa wapi? Mtoto hakusema uongo. Alichokipiga kilikuwepo. Lakini aliikuza picha kwa simu ili helikopta ionekane kubwa, na ukikuza hivyo, vilivyo mbali hukaribiana. Mnara ulio hatua chache na moto ulio nyuma ya mlima huonekana kama mtu na kivuli chake. Macho yetu yaliona mtaa uliotulia, watoto wakicheza, mama wakianua nguo. Hayo yote yalibaki nje ya picha, na mimi, niliyekuwa na uwezo wa kuyaeleza kwa sentensi moja, sikuyaeleza.

Wakubwa wa dunia nao wamejikwaa hapa. Tarehe 22 Agosti 2019, misitu ya Amazon ilipokuwa ikiungua, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alisambaza picha ya msitu unaowaka. Baadaye ikabainika kwamba mpigaji wake, Loren McIntyre, alifariki mwaka 2003. Moto wa Amazon ulikuwa wa kweli, ila ile haikuwa picha yake. Ikiwa ikulu yenye wasaidizi wengi inaweza kuteleza, sisi wenye mikono ya unga tuna haja kubwa zaidi ya kutua na kufikiri. Na sisi tuna Suratul Hujurat, aya ya 6, inayotuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Siku zote niliisoma aya hiyo nikimfikiria mwenye kuletewa habari. Sikuwahi kufikiri kwamba huenda mleta habari ni mimi.

Kuna jambo la pili ambalo picha ile ililificha. Asubuhi hiyohiyo, kijana wa jirani yangu aliteremka kutoka mlimani. Ni miongoni mwa wanaojitolea kuwasaidia askari wa msitu. Nyayo za viatu vyake zilikuwa zimeyeyuka na nyusi zake zimeungua. Mama yake alimwosha miguu kwa maji ya vuguvugu bila kusema kitu. Yeye na wenzake walikuwa wamepiga moto kwa matawi mabichi na kufyeka nyasi usiku kucha ili moto ukose cha kula. Hakuna hata mmoja katika mtaa wetu aliyekuwa na picha yake. Sote tulikuwa na helikopta.

Wanaoielewa kazi hii husema kwamba ndege peke yake haiuzimi moto wa nyika. Huupunguza kasi. Iko ndege ya Canadair, ambayo Moroko inazo, inayoteleza juu ya ziwa na kuchota lita zipatazo elfu sita kwa muda wa sekunde kumi na mbili. Ziko helikopta zinazoning'iniza ndoo kubwa ya kitambaa. Na ule uji mwekundu tunaouona kwenye runinga ukimwagwa Marekani ni dawa ya kuchelewesha moto, na umetiwa rangi ili rubani ajue alipokwisha kumwaga. Lakini baada ya yote hayo lazima mtu afike kwa miguu, akate, achimbe, azime kaa moja moja. Katika nchi zetu, mara nyingi kazi ya helikopta ni kuangalia moto unaelekea wapi na kuwabeba watu hao. Kilimanjaro ilipowaka Oktoba 2020, moto ulioanzia eneo la Whona, waliopanda kuuzima walikuwa mamia ya watu, wakiwemo wanafunzi wa Chuo cha Mweka. Ulipowaka Mlima Kenya Machi 2012, hali ilikuwa hiyohiyo: waliotembea ni wengi kuliko walioruka.

Sisemi kwamba kupiga picha ni haramu, wala kwamba watoto wasistaajabu. Mtoto asiyestaajabu helikopta ana homa. Ninachosema ni kwamba picha ya msiba ina adabu zake, na mama ndiye wa kuzifunza nyumbani kabla moto haujaja.

Kwanza, usalama. Dari na ukingo wa barabara si jukwaa. Moshi ukianza kushuka, mtoto huingia ndani, madirisha hufungwa, na mwenye pumu huwekewa dawa yake karibu. Chaji ya simu katika saa hiyo ni akiba ya familia, haichezewi.

Pili, tusiwazuie wanaookoa. Wapo vijana wetu wanaonunua vile vidude vinavyoruka na kamera. Tarehe 9 Januari 2025, moto ukiteketeza mitaa ya Los Angeles, kimoja cha namna hiyo kiligonga bawa la ndege ya kuzima moto na kulitoboa. Ndege ikatua salama, lakini ilikaa chini siku kadhaa wakati nyumba za watu zinaungua. Hapa Kenya kanuni za mwaka 2020 zinataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hata pasingekuwa na kanuni, nani angependa picha yake iwe sababu ya maji kutofika?

Tatu, sitara. Watu wanapokimbia nyumba zao, mwanamke hutoka bila mtandio, mzee hutoka na shuka, mtoto hutoka uchi. Simu ikiwaelekea, iteremshwe. Heshima ya mtu ndiyo mali pekee ambayo moto hauwezi kuichukua, basi tusiichukue sisi.

Nne, picha iende na maelezo yake: tarehe, saa, mahali, na moto uko umbali gani. Picha yenye hayo humfaa askari wa msitu na mwenye kupiga 999 au 112 kuomba msaada. Picha isiyo nayo ni kama barua isiyo na jina, kila anayeiokota huandika lake.

Mwanangu, alipomwona ami yake akilia kizingitini, aliniuliza kwa sauti ndogo kama aifute ile picha. Nilimkataza. Nilimwambia aiandikie maneno yake: Bondeni, Februari, moto uko nyuma ya mlima, sisi wazima. Kisha nilimpa simu ampigie nyanya yake wa Kibokoni amwombe radhi, na nikamwomba na mimi baada yake, maana aliyeituma ni mimi.

Shangazi alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Picha ya mtoto ni nzuri, Mungu amhifadhi. Lakini wewe, mwanangu, siku nyingine anza na uzima wenu, kisha ndiyo unionyeshe helikopta."

Binamu alilala hadi Adhuhuri. Jioni alibeba sahani ya chapati na birika la chai akampelekea yule kijana wa jirani, wakakaa nje wakiutazama mlima, ambao ulikuwa bado unafuka moshi mwembamba.