Kizuri Chajiuza? Lugha na Tija katika Kunadi Biashara Ndogo

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewaponza wafanyabiashara wadogo wengi nchini Kenya kwa njia mbili zinazokinzana. Wapo walioishika neno kwa neno: hupanga bidhaa zao vizuri, wakakunja mikono na kusubiri uzuri wa bidhaa uwaite wateja. Wapo pia walioitupilia mbali. Hao humaliza mtaji wao haba kwa mabango, vipeperushi na vipaza sauti, mradi kelele isikike. Wa kwanza hawajulikani. Wa pili wanajulikana lakini hawauzi. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zimesahau jambo moja: kunadi bidhaa ni kuzungumza na mnunuzi, na mazungumzo hupimwa kwa jibu yanalolipata. Yanadai vilevile kwamba suala hili ni la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili sawa na lilivyo la wanauchumi.

Uzito wa suala

Si suala dogo. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu uliotolewa mwaka 2016 ulikadiria kwamba Kenya ilikuwa na biashara ndogo, ndogo zaidi na za wastani zipatazo milioni 7.4. Kati ya hizo, milioni 1.56 tu ndizo zilizokuwa na leseni. Nyingine milioni 5.85 hazikuwa nayo. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu biashara za aina hii, ilipotungwa, ilieleza biashara ndogo zaidi kuwa ile ambayo mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi 500,000 na wafanyakazi wake hawafiki 10. Ukigawanya kiasi hicho kwa siku za mwaka, unapata takriban shilingi 1,370 kwa siku. Hayo ni mauzo, wala si faida. Ondoa bei ya bidhaa zenyewe, ondoa nauli, ushuru wa soko na kodi ya kibanda. Kinachosalia ndicho chakula cha jioni na karo ya watoto. Mtu wa namna hiyo anaposhawishiwa kutoa shilingi elfu kadhaa kwa bango lisilomletea mnunuzi hata mmoja, hasara haiishii katika biashara. Inaingia hadi jikoni mwake.

Hatari ya kuiga wakubwa

Chanzo kimojawapo cha hasara hiyo ni mwigo. Kampuni kubwa hutangaza ili isisahaulike. Bidhaa zake zimekwisha kufika katika kila duka, nayo ina uwezo wa kurudia jina lake miaka nenda miaka rudi hadi likaze akilini. Mwenye kibanda hana miaka hiyo. Yeye anahitaji mnunuzi wiki hii. Hata hivyo, aghalabu huazima lugha ya wakubwa: kaulimbiu ya Kiingereza inayojigamba kuhusu ubora usioelezwa, picha ya kupendeza isiyohusiana na kazi yake, na orodha ndefu ya huduma isiyotaja bei wala mahali. Mpita njia husoma, akavutiwa na rangi, akaenda zake.

Kinaya ni kwamba wakubwa wenyewe wamekuwa wakielekea upande wa pili. Unga wa mahindi huuzwa kwa majina kama Jogoo, Pembe na Soko. Safaricom ilipozindua huduma ya kutuma pesa kwa rununu mwaka 2007, iliiita M-Pesa. Zikafuata Lipa na M-Pesa mwaka 2013 na Fuliza mwaka 2019. Huduma yake ya kukopesha muda wa maongezi ikaitwa Okoa Jahazi, sitiari ya baharini ambayo hata mkulima wa bara asiyewahi kuona tanga huielewa bila kufasiriwa. Kampuni hizi hazikukitumia Kiswahili kwa mapenzi ya lugha tu. Zilitambua kwamba jina linaloeleweka papo hapo ni nusu ya mauzo. Basi ni ajabu kwamba mdogo huiga Kiingereza cha mkubwa ilhali mkubwa amekwisha kuazima Kiswahili cha mdogo.

Somo la kanga na makanga

Mifano ya kunadi kuliko na tija haihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Pwani ya Kenya ina mmoja ulioshinda majaribio ya zaidi ya karne moja: kanga. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye nembo yake ya "Mali ya Abdulla" inajulikana mno, ndiye anayetajwa aghalabu kuwa aliyeanzisha mtindo wa kuchapa misemo ya Kiswahili kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya ishirini. Umahiri wa mbinu hiyo uko wapi? Kitambaa ni kile kile na rangi ni zile zile, lakini jina la kanga likibadilika, mnunuzi naye hubadilika. Mmoja hununua ili amtunze mama yake, mwingine ampongeze bibi harusi, mwingine amjibu jirani mwenye ulimi mrefu. Muuzaji hakujisifu kwamba kanga zake ni bora. Alimpa mnunuzi maneno ambayo tayari alitaka kuyasema.

Mfano wa pili uko katika kila kituo cha matatu. Makanga anaponadi gari lake, hutaja mambo matatu: liendako, nauli, na nafasi zilizobaki. Mwanafunzi wa pragmatiki anayekumbuka kaida za mazungumzo alizozieleza H. P. Grice katika makala yake ya mwaka 1975 atakubali kwamba mwito huo unazitimiza vyema: hausemi zaidi ya inavyohitajika wala pungufu, unahusiana na haja ya msikilizaji, na unaeleweka mara moja. Kaida ya ukweli ndiyo inayovunjwa pale nafasi "mbili za mwisho" zinapogeuka kuwa saba, na abiria aliyedanganywa jana huupita mwito huo kesho bila kugeuka. Tangazo la fundi, kinyozi au mama mboga lingejibu maswali hayo hayo: unauza nini, kwa bei gani, wapi, na kwa nini nije leo?

Uaminifu huo hauhitajiki kwa sababu za kimaadili pekee. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalitaka Bunge kutunga sheria ya kuwalinda watumiaji wa bidhaa na kuhakikisha kuwepo kwa matangazo ya haki, ya kweli na ya staha. Tena biashara ndogo huishi kwa wateja wa mtaa mmoja, na katika mtaa mmoja uwongo hauchukui muda kufichuka.

Mali bila daftari

Lugha nzuri pekee haitoshi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na matangazo ni mali. Mwanamatangazo wa Marekani Claude Hopkins, katika kitabu chake Scientific Advertising cha mwaka 1923, alisisitiza kwamba tangazo lihesabiwe kama anavyohesabiwa mwajiriwa wa kuuza: limegharimu kiasi gani, na limeleta kiasi gani? Alitumia kuponi zenye alama ili ajue kila mnunuzi ameletwa na tangazo lipi. Mwenye kibanda hahitaji kuponi. Anahitaji swali moja kwa kila mgeni, "Umetujuaje?", na daftari la kuandikia jibu.

Chukulia fundi cherehani anayepata faida ya shilingi 300 kwa kila nguo. Akitumia shilingi 3,000 kwa vipeperushi vikamletea wateja wanne wa nguo moja moja, amepata shilingi 1,200 na kupoteza 1,800. Akitumia shilingi 200 kuwapelekea wateja wake 40 wa zamani arafa inayosema kwamba sare za shule zitakuwa tayari kabla ya muhula kufunguliwa, na tisa wakaja, amepata 2,700 na kubaki na 2,500. Ni kweli kwamba mteja mpya aliyeletwa na kipeperushi huenda akarudi mara kumi. Lakini hilo nalo litajulikana kwa daftari, si kwa kukisia. Bila daftari, fundi huyo angeendelea kuchapa vipeperushi kwa sababu tu jirani yake anachapa.

Hofu ya Sheng na wajibu wa vyama

Watakuwepo watakaosema kwamba Kiswahili cha vyuoni ni kizito mno kwa soko, na kwamba vijana hununua kwa Sheng. Hoja hii ina uzito. Anayewauzia vijana mitumba Gikomba anajua msamiati wa wateja wake kuliko kamusi yoyote, na mwanafunzi atakayekwenda pale kumsahihisha sarufi atastahili kupuuzwa. Hata hivyo, hoja hiyo inathibitisha dai la makala haya badala ya kulibomoa. Kuchagua rejesta inayomfaa msikilizaji ndiyo kazi ya isimujamii. Palipo na wanunuzi wa rika na jamii mbalimbali, Kiswahili chepesi na sahihi ndicho kitakachowakusanya wote. Palipo na kundi moja, lugha ya kundi hilo itangulie. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini hadhi ya lugha sokoni haitokani na kifungu. Hutokana na mtu kuona kwamba imemuuzia.

Hapa ndipo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinapopaswa kujiuliza. Wanafunzi huchanganua matangazo ya kampuni kubwa, wakaainisha tamathali zake na kuhitimu. Kisha hulalamika kwamba Kiswahili hakina ajira nje ya darasa na studio za redio. Ilhali mkabala na Chuo Kikuu cha Kenyatta upo mtaa wa Kahawa Wendani. Jirani na Egerton ipo Njoro. Karibu na Maseno lipo soko la Luanda. Kila tawi la chama lingeweza kuchagua wafanyabiashara kumi, likaungana na wanafunzi wa kitivo cha biashara, likawasikiliza wateja wao, kisha likaandika upya mabango, majina ya bidhaa na arafa. Baada ya miezi mitatu daftari lingefunguliwa. Mhadhiri angetuza alama kwa ufasaha wa lugha na kwa mauzo yaliyoandikwa pia. Palipokosekana ongezeko, hilo nalo lingeripotiwa waziwazi, kwani utafiti usiokubali kushindwa hauna tofauti na lile bango la kujigamba.

Hitimisho

Methali iliyotangulia haikukosea, imesomwa vibaya. Kibaya hujitembeza kwa sababu hakina la kumwambia mnunuzi, basi hubaki na kelele. Kizuri hujiuza pale uzuri wake unapotajwa kwa maneno ambayo mnunuzi anayaelewa, anayaamini na anayaweza kumrudia jirani. Mfanyabiashara mdogo ana bidhaa, ana bidii na ana mtaji usioruhusu kubahatisha. Anachokikosa mara nyingi ni sentensi moja iliyo sawa na daftari la kuipima. Sentensi hiyo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kumwandikia, na soko liko mwendo mfupi tu kutoka lango la chuo.