Nishani za Wasiorudi: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Uingereza

Mheshimiwa Waziri,

Imperial War Museum, makumbusho ya vita ya jijini London, inayo picha ya rubani kijana akiwa na mbwa. Kijana ni James Hyde, mzaliwa wa San Juan, Trinidad. Mbwa aliitwa Dingo na alikuwa wa kamanda wa kikosi chao, Kikosi namba 132 cha Jeshi la Anga la Kifalme, RAF. Hyde alifika Uingereza mwaka 1942 kujifunza urubani wa ndege za kivita, na baada ya mafunzo akakabidhiwa Spitfire. Tarehe 25 Septemba 1944, siku ambazo mapigano ya Arnhem huko Uholanzi yalikuwa yanafikia ukingoni, aliuawa angani karibu na Nijmegen. Amezikwa huko huko, kwenye makaburi ya vita ya Jonkerbos.

Hyde anatajwa hapa kwanza kwa sababu picha yake imesalia na watu wanaitazama. Wenzake wengi hawana hata hiyo. Barua hii inaandikwa kwa ajili yao wote: vijana wa makoloni walioruka na RAF katika Vita vya Pili vya Dunia, wakafa, na ambao nishani zao zinaweza kuwa hazijatoka ghalani mpaka leo kwa sababu moja tu, kwamba hakuna mtu aliyekwenda kuziomba.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ana haki ya kuuliza: ya Trinidad na Uholanzi yanatuhusu nini? Jibu mojawapo liko Mahakama Kuu ya Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliketi pale jaji mmoja aliyetoka visiwa vya Karibi, Ulric Cross. Wengi waliosimama mbele yake walimjua kama mwanasheria tu. Kabla ya joho, mtu huyo alivaa sare za RAF. Alikuwa mwongoza njia kwenye ndege za Mosquito za Kikosi namba 139, akaruka mara 80 kwenda kushambulia Ujerumani na nchi ilizozikalia, na akatunukiwa nishani mbili za ushujaa, DFC na DSO. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 96.

Cross na Hyde ni wana wa kisiwa kimoja. Walivuka bahari ileile kwenda kupigana vita vilevile. Mmoja alirudi na uhai wake, akapokea nishani zake kwa mkono wake, akaishi hadi kuwa jaji kwetu. Mwingine hakurudi. Aliyekufa hawezi kujaza fomu, na hapo ndipo shauri la barua hii linapoanzia.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza iliwatumia askari wake wengi na familia za marehemu nishani bila kungoja kuombwa, na kila moja ilipigwa chapa ya jina na namba ya askari. Baada ya Vita vya Pili utaratibu ulibadilika. Askari wengi wa nchi kavu na wa anga walitakiwa waziombe wenyewe, na asiyeomba hakupata. Hata chapa ya jina iliachwa. Mtu akiishika leo 1939-45 Star, nyota ya ncha sita yenye rangi ya manjano ya shaba na utepe wa mistari mitatu, buluu ya kukolea, nyekundu na buluu ya mbingu, kwa ajili ya majeshi ya maji, nchi kavu na anga, akaigeuza huku na huku, haoni jina la mtu. Nyuma yake ni laini kama sarafu iliyosuguliwa. Nyota ya aliyekufa na nyota ya aliyerudi hazitofautiani hata kidogo.

Sasa na tuifuate fomu hiyo mpaka mlangoni. Mama wa Trinidad, wa Freetown au wa Lagos alipata simu ya maandishi kumwambia mwanawe hayupo tena. Miaka michache baadaye nishani zikaanza kutolewa. Nani alimfikia mama huyo kumweleza kwamba mwanawe anadai nyota mbili au tatu, na kwamba lazima aandike barua kwenda Uingereza kuzidai? Na kama aliambiwa, je, alikuwa na moyo wa kuomba vipande vya shaba badala ya mtoto? Wapo mama wa Uingereza kwenyewe ambao hawakuwa na moyo huo, wala hakuna wa kuwalaumu.

Kwa hiyo ikafika zamu ya wajukuu. Ofisi ya Nishani ya Wizara inawapokea, na hilo ni jambo la kushukuru. Inampa nishani mrithi halali wa karibu, akionyesha vyeti. Lakini vyeti ndivyo vinavyokwamisha. Rubani aliyekufa akiwa kijana, bila mke wala mtoto, mirathi yake inakwenda kwa ndugu, kisha kwa watoto wa ndugu, na kila ngazi inataka karatasi. Katika visiwa na miji ya pwani ambako vizazi viliandikwa katika daftari la kanisa au la msikiti, na daftari lenyewe pengine limeliwa na mchwa, mjukuu anashindwa kuthibitisha jambo ambalo mtaa mzima unalijua.

Ni vizuri Mheshimiwa Waziri aelewe pia kile ambacho hakiombwi hapa, maana wasaidizi wake watakimbilia kusema kwamba mambo ya vita vile yalikwisha kufungwa. Nishani za ushujaa kwa matendo ya miaka ile zimefungwa kweli, na barua hii haiombi zifunguliwe, ingawa kanuni zake ziliwaumiza wafu kuliko walio hai. Mpaka mwaka 1979, mtu aliyekufa katika tendo la kishujaa hakuweza kupewa DFC. Alibakiwa na njia mbili tu kwa tendo mbele ya adui: Victoria Cross, iliyo juu kabisa, au kutajwa kwenye taarifa za vita, heshima iliyo chini kabisa. Katikati palikuwa patupu.

Hata hiyo ya juu ilihitaji shahidi. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1944, ndege ya Lancaster ya Kikosi namba 419 cha Canada ilipigwa ikiwa njiani kwenda Cambrai, Ufaransa, ikawaka moto. Mmoja wa wanaanga wake, Andrew Mynarski, aliuona mlango uko wazi mbele yake. Badala ya kuruka, akageuka akapita ndani ya moto kwenda mkiani, ambako mpiga bunduki Pat Brophy alikuwa amenaswa ndani ya kibanda chake. Alihangaika kukifungua mpaka nguo zake na parachuti vikashika moto. Brophy akampungia mkono aondoke. Mynarski akarudi kinyumenyume, akasimama wima, akampigia saluti mwenzake, ndipo akaruka. Alikufa kwa majeraha ya moto. Brophy, aliyeachwa ndani ya ndege inayoanguka, akatoka mzima. Ni yeye aliyesimulia, na mwezi Oktoba 1946 Mynarski akatangazwa kuwa amepewa Victoria Cross. Lau Brophy naye angekufa, dunia isingejua kitu. Ni ndege ngapi zilianguka na mashahidi wote ndani yake? Hao hatuwezi kuwatendea haki kamili, na tukubali hivyo kwa uchungu.

Kinachoombwa ni kile ambacho hakihitaji shahidi. Nishani ya utumishi vitani haisubiri tendo la ajabu. Inahesabu siku za kazi na mahali, na daftari la kikosi linatosha kuzithibitisha. Kanuni zenyewe zinasema kwamba utumishi uliokatizwa na kifo kazini unahesabiwa kuwa umetimia. Maana yake ni kwamba rubani aliyekufa katika safari yake ya kwanza juu ya adui alikwisha kuistahili nyota yake siku hiyohiyo. Hahitaji kufikiriwa upya. Anadai. Na dawa ya deni ni kulipa.

Kuchelewa kulipa si jambo geni katika historia hii. Bomber Command, kamandi ya ndege za mabomu, ilipoteza watu 55,573 kati ya wapatao 125,000 walioruka nayo. Mnara wao wa Green Park, London, ulizinduliwa mwezi Juni 2012, miaka 67 baada ya vita. Desemba mwaka huohuo ndipo Waziri Mkuu David Cameron alipotangaza kwamba watapewa kibano maalumu cha kuvaliwa juu ya utepe wa 1939-45 Star. Vilipoanza kutolewa mwaka 2013, waliotangulizwa walikuwa wazee walio hai na wajane, na ilikuwa sawa. Lakini familia ya marehemu nayo ililazimika kuomba, kama ilivyokuwa mwanzo. Kosa la zamani lilisahihishwa kwa kutumia fomu ileile iliyolizaa.

Serikali ya Uingereza ilikwisha kuonyesha kwamba inaweza kufanya kinyume chake. Mwaka 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa katika Vita vya Kwanza bila kukumbukwa kwa majina yao, na wengine bila kukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa wakati ule, Ben Wallace, aliomba radhi Bungeni. Sisi tunalijua jambo hilo kwa macho: sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, haina jina la mpagazi hata mmoja wa vita hivyo. Tume haikusema familia za wapagazi zije na vyeti. Ilianza kutafuta majina yenyewe. Hivyo ndivyo mdaiwa mwaminifu anavyofanya: humfuata anayemdai.

Safari hii kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu majina yapo. Wanaanga zaidi ya 20,000 ambao makaburi yao hayajulikani wameandikwa mmoja mmoja kwenye mnara wa Runnymede, juu ya mto Thames. Waliozikwa wana mawe yenye namba zao za jeshi. Na tangu mwaka 2022 Wizara imekuwa ikihamisha kumbukumbu za utumishi zipatazo milioni 9.7 kwenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Mafaili hayo yanapita mikononi mwa watumishi sasa hivi. Hakutakuwa na wakati mwingine mzuri kama huu.

Kwa hiyo ombi kwa Mheshimiwa Waziri ni hili. Atoe agizo kwamba kila faili la mwanaanga aliyekufa vitani likaguliwe, ionekane kama nishani zake zilitolewa au la, na orodha ya zisizotolewa itangazwe hadharani, ikianza na wale waliotoka nje ya Uingereza. Balozi za Uingereza ziipeleke orodha hiyo kwenye magazeti na redio za Port of Spain, Kingston, Georgetown, Lagos na Freetown. Mrithi asiye na cheti aruhusiwe kutumia kiapo cha mahakama ya kwao na daftari la nyumba ya ibada. Na kabla nishani haijatumwa, jina la marehemu lichongwe juu yake, kama walivyofanyiwa askari wa Vita vya Kwanza. Gharama ya mchongaji ni ndogo, na mjukuu atakayeigeuza mkononi ataona kwamba ilikuwa ya mtu.

Jumapili ya Kumbukumbu, mwezi Novemba, Mheshimiwa Waziri atavaa ua jekundu kifuani na kusimama kimya mbele ya mnara wa Cenotaph. Anaombwa awe ametia saini agizo hilo kabla ya siku hiyo.