Selimundu: Shura Ianze Msikitini

Baba na mama wanapokuwa wote wamebeba kinasaba cha selimundu, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Maradhi hayo sasa hugundulika mtoto angali tumboni. Yakigundulika, kifuate nini?

Mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliruhusu kutolewa, kabla ya siku 120, mimba yenye kasoro kubwa isiyotibika. Je, selimundu imo, ilhali wapo wenye nayo wanaosoma, wanaooa na kulea? Swali hili si la madaktari peke yao, wala la masheikh peke yao. Uislamu umetufunza shura. Miongozo ya vipimo inapotungwa, waitwe Waislamu na Wakristo, na mbele ya wote akina mama wanaokesha na watoto hao.

Nasi tusingoje kualikwa. Tuanze kuwasikiliza misikitini mwetu.

Wabillahi Tawfiq.