Kumwingiza Chuo Kikuu Hakutoshi

Mtoto wa mkulima anapochaguliwa kwenda Chuo Kikuu kusomea sayansi, kijiji kizima hufurahi, na kina haki ya kufurahi. Lakini mara nyingi furaha hiyo hutufanya tudhani kwamba kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kijana ambaye wazazi wake hawakupata kusoma Chuo Kikuu hufika pale akiwa na akili na alama nzuri, ila hana wa kumweleza mambo yasiyoandikwa popote: kwamba mhadhiri anaweza kufuatwa ofisini kwake, kwamba saa za kujisomea zilizomtosha katika kidato cha sita hazitamtosha hapa, kwamba kushindwa jaribio la kwanza si dalili ya kuwa amepotea njia. Mwenzake aliyezaliwa na daktari au mhandisi aliyasikia hayo nyumbani tangu utotoni.

Kijana huyo akianguka, sisi wakubwa tuna majibu tayari. Husemwa kuwa ni mvivu, au msingi wake wa sekondari ulikuwa mbovu, au kwao hakuna anayejali elimu. Ndugu walimu watakubali kwamba maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, na ni nadra kumwona msemaji aliyekwenda kuyachunguza.

Yupo mtu mmoja aliyekwenda. Katika miaka ya 1970, Uri Treisman alikuwa akisomea shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Pale, asilimia 60 ya wanafunzi Weusi waliosoma somo la kwanza la kalkulasi walikuwa wakipata alama za chini kabisa. Aliwauliza walimu sababu, nao wakampa majibu yale yale tuliyoyataja. Hakuridhika. Aliwachukua wanafunzi 20 Weusi na wengine 20 wenye asili ya Kichina, akafuatana nao kwa miezi mingi, hata kwenye vyumba vyao, ili aone wanavyosoma.

Alikuta kwamba wengi wa wale Weusi walikuwa wameongoza katika shule walizotoka, na wazazi wao walikuwa wamejinyima ili wasome. Uvivu haukuwapo. Walisoma saa nane kwa juma, kama walivyoagizwa, lakini kila mmoja peke yake: katika 20, watu 18 hawakupata kusoma na mwenzao hata mara moja. Wale Wachina nao walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana jioni kulinganisha majibu na kusahihishana bila haya. Kwa hiyo mmoja alipokwama alijua mapema kama swali ni gumu kwa wote au ni yeye aliyekosea. Yule mpweke alikuja kujua siku ya mtihani.

Chuo kilikuwa tayari na madarasa ya kuwafidia walio nyuma, lakini vijana hao hawakwenda. Nani aliyeongoza shuleni kwao atakubali kuitwa dhaifu? Basi mwaka 1978 zikaanzishwa warsha za namna nyingine. Wanafunzi walialikwa kwa heshima, kama watu wanaotazamiwa kufanya vizuri, wakapewa maswali magumu kuliko ya darasani na kutakiwa kuyafumbua kwa pamoja. Walioshiriki waliwapita Weusi wenzao wasioshiriki, wakawapita hata Wazungu na Waasia wa darasa lile. Hapo anajibiwa pia yule anayelalamika kwamba misaada ya namna hii ni kuwadekeza vijana.

Ni kweli kwamba si wote wa Berkeley waliokuwa wa kwanza katika koo zao kufika Chuo Kikuu. Lakini upweke uliowaangusha ndio huo huo unaomkabili binti aliyetoka kijijini bila kumjua mtu hata mmoja aliyewahi kukaa katika maabara ya chuo.

Hapa kwetu, sheria ya mwaka 2004 ilileta Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Fedha ni lazima. Mwenye njaa hasomi. Lakini mkopo humfikisha kijana mlangoni mwa ukumbi wa mihadhara, na hauwezi kumketisha na wenzake mbele ya swali la fizikia. Utasikia kwamba wanafunzi wetu wanavyo vikundi vya majadiliano. Wanavyo, na ni jambo jema, ila vingi huundwa na waliokwisha kujuana. Mkimya hubaki nje, na anayepanga chumba mbali na chuo huwa amekwisha kuondoka wenzake wanapokutana.

Kwa hiyo kazi hii isiachiwe bahati. Idara za sayansi ziviunde vikundi hivyo tangu juma la kwanza, ziviwekee chumba na saa katika ratiba, na mhadhiri msaidizi mwenye maswali magumu mkononi. Saa anazokaa nao zihesabiwe kuwa sehemu ya kazi yake, hata wakati wa kupandishwa cheo. Na tangazo la kuwaita wanafunzi lisiandikwe kwamba ni kwa ajili ya walio dhaifu, maana wale hasa tunaowatafuta watalisoma na kupita.