Mwalimu, nani anakufukuza?

Nilipoanza kukimbia alfajiri katika barabara ya kijiji chetu hapa Lushoto, watu walidhani kuna msiba. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda kuchuma maharage alisimama kando ya njia. Akaniuliza, "Mwalimu, nani anakufukuza?"

Nikamjibu, "Hakuna mtu, mama. Nafanya mazoezi."

Akacheka sana. Akasema, "Mazoezi? Njoo shambani kwangu. Yako mengi, utachoka wewe."

Maneno ya mama yule nimeyafikiri siku nyingi. Je, mkulima wa milimani ana haja ya kukimbia? Leo nataka kutoa maoni yangu. Mama alisema kweli, lakini alisema nusu ya kweli. Nusu aliyoiacha inaweza kuua mtu.

Kilomita 21 ni nini?

Mbio ndefu za marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Nusu yake ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Watu wengi huziita tu "kilomita 21".

Sisi wa Lushoto tunaweza kuzipima kwa barabara yetu. Kutoka Mombo kupanda mpaka Lushoto mjini ni kama kilomita 33. Basi, kilomita 21 ni kama theluthi mbili za njia ile. Siyo mchezo, lakini siyo ajabu pia. Wazee wetu walitembea zaidi ya hapo kwa siku moja, na mzigo kichwani.

Watanzania wana jina katika mbio hizi. Mwaka 2005 Fabiano Joseph alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni kule Edmonton, Kanada. Alitumia saa 1, dakika 1 na sekunde 8. Mwaka 2023 Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu ya wanawake katika marathoni ya Berlin, Ujerumani. Mwaka 2025 Alphonce Simbu alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, Japani. Alimshinda mwenzake kwa muda usiofika hata sekunde moja.

Lakini leo sisemi habari za mabingwa. Nasema habari zetu sisi, watu wa jembe, duka, cherehani na chaki. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, maelfu ya watu hukutana Moshi kwa Kilimanjaro Marathon. Mbio hizo zilianza mwaka 2003. Wengi wanaokimbia kilomita 21 pale hawatafuti zawadi. Wanatafuta afya.

Je, jembe halitoshi?

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema hivi: mtu mzima afanye kazi ya kumtoa jasho kidogo, kama kutembea haraka, si chini ya dakika 150 kwa wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku, siku 5.

Mama anayepanda mlima kwenda shamba, akalima, akarudi na kuni, amezimaliza dakika hizo kwa siku moja au mbili. Huyo hana haja ya kukimbia kama hapendi. Hapo mama yule alisema kweli.

Lakini tujiulize. Ni wangapi kati yetu bado wanatembea? Zamani mtu alikwenda sokoni Soni au Mlalo kwa miguu. Leo anaita bodaboda. Hata kwenda dukani anaita bodaboda. Dereva wa bodaboda mwenyewe anakaa juu ya kiti tangu asubuhi mpaka usiku. Fundi cherehani anakaa. Mwenye duka anakaa. Mimi mwalimu nilikuwa nakaa.

Siilaumu bodaboda. Imeokoa mama wajawazito wengi usiku. Nasema hivi tu: imechukua mazoezi yetu, nasi hatukuweka kitu mahali pake. Hapo hapo tumeongeza chumvi katika chakula, mafuta mengi katika sufuria na soda mezani.

Tena liko jambo la pili. Jembe linaonyesha nguvu za mikono. Halionyeshi hali ya damu. Hiyo ndiyo nusu aliyoiacha yule mama. Sikilizeni habari ya jirani yangu.

Habari ya jirani yangu

Jirani yangu ana miaka zaidi ya 50. Anabeba gunia la viazi mgongoni bila kutweta. Aliposikia kwamba nitakwenda Moshi kukimbia alisema, "Kama mtu wa chaki anaweza, mimi mtu wa jembe nitashindwa? Twende wote."

Nikafurahi. Lakini nikamwambia, "Kwanza twende zahanati tukapime."

Tulikwenda. Mimi nilikuwa na 128 kwa 82. Yeye alikuwa na 190 kwa 110. Muuguzi akamwambia akae apumzike. Akampima tena. Ikawa ile ile. Ndugu msomaji, presha ikifika 140 kwa 90 na kubaki hapo, hiyo ni presha ya juu. Ya jirani yangu ilikuwa imepita sana.

Jirani akasema, "Lakini siumwi hata kichwa." Muuguzi akamjibu, "Ugonjwa huu haupigi hodi."

Akamkataza kukimbia mpaka presha ishuke. Akampa dawa na akamwambia aendelee kutembea, apunguze chumvi, arudi kupima.

Jirani alikasirika. Alisema mimi nimemtia ugonjwa. Dawa alimeza siku chache akaacha, kwa sababu hakusikia maumivu. Wiki tatu hakuitikia salamu yangu. Kwenye kahawa watu walisema mwalimu amemwogopa jirani asije akamshinda.

Halafu ikaja habari kutoka Korogwe. Mdogo wake amepata kiharusi. Mdomo umepinda na mkono wa kulia umelala. Naye alikuwa mtu wa nguvu, mbeba mizigo. Naye hakuwahi kupima.

Usiku ule jirani alibisha mlangoni kwangu. Hakukaa. Aliuliza jambo moja tu, "Mwalimu, zahanati inafunguliwa saa ngapi?"

Leo anameza dawa kila siku na presha imeshuka. Kila jioni anatembea mpaka darajani na kurudi. Hajakimbia kilomita 21. Kwangu mimi, yeye ameshinda mbio kubwa kuliko zangu.

Siku yangu ya Moshi

Mimi nilikwenda Moshi. Nitasema na makosa yangu ili wengine wasiyarudie.

Kosa la kwanza, nilianza kwa haraka. Watu walipiga makofi, nami nikajiona kijana. Kosa la pili, nilijivuna katika mlima. Njia ya kilomita 21 pale inapanda kuelekea Mweka. Nikawapita wengi nikisema moyoni, hawa ni watu wa bondeni, mimi natoka Usambara. Kosa la tatu, nilisahau joto. Lushoto iko juu kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na ukungu wetu ni wa baridi. Moshi iko chini zaidi na Februari ni moto.

Kufika kilomita ya 17, nyama za mapaja zilikaza kama kamba. Kumbe mteremko unaumiza miguu kuliko mlima. Wale niliowapita wote wakanipita, na mama mmoja mwenye mvi akanipa pole. Nikatembea. Nikamaliza kwa saa 2 na dakika 41. Siku mbili baadaye nilishuka ngazi kinyumenyume.

Lakini nilimaliza, na afya yangu ni njema kuliko miaka 10 iliyopita. Nalala vizuri. Sitweti tena ninapopanda kwenda shuleni.

Mambo ya kufuata

Kama wewe unataka kukimbia, fuata mambo haya.

1. Pima kwanza. Pima presha na sukari, hasa ukiwa na miaka 40 na kuendelea, au kama kwenu kuna mtu aliyepata kiharusi, presha, kisukari au ugonjwa wa moyo.

2. Anza kwa kutembea. Tembea haraka dakika 30, siku 3 au 4 kwa wiki. Baada ya wiki mbili, kimbia dakika 1 na tembea dakika 2. Ongeza polepole. Anayeanza kabisa ajipe miezi 4 mpaka 6 kabla ya kilomita 21.

3. Jipime kwa maneno. Unapokimbia uweze kusema sentensi nzima. Ukishindwa kusema, punguza mwendo.

4. Siku moja ya wiki kimbia mbali kuliko siku nyingine. Ongeza kilomita moja au mbili tu kila wiki. Siku inayofuata pumzika. Siku ya kulima sana ihesabu kuwa ni siku ya mazoezi. Usikimbie juu ya uchovu.

5. Katika mteremko piga hatua fupi. Usijiachie kama gari lisilo na breki.

6. Vaa raba zilizokwisha kuzoea mguu. Raba za mitumba zinafaa kama hazijaisha soli. Usivae raba mpya siku ya mbio, zitakuchubua.

7. Jioni kabla ya mbio kula chakula ulichozoea, kama viazi, ndizi au ugali na maharage. Usijaribu chakula kigeni.

8. Kunywa maji kidogo kidogo unaposikia kiu. Usijaze tumbo maji mengi kupita kiasi, maana chumvi ya mwili hupungua na mtu anaweza kuanguka.

9. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kwenda mbio isivyo kawaida au pumzi kukatika, simama. Omba msaada. Usione haya. Siku ukiwa na homa usikimbie kabisa.

Tusiige kila kitu

Wengi tunaijua habari ya John Stephen Akhwari. Mwaka 1968, kule Mexico, aliumia goti katika marathoni ya Olimpiki. Akaendelea akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Alifika wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Dunia ilimheshimu, na sisi tunamheshimu.

Lakini mimi nasema wazi, wewe na mimi tusimuige katika jambo hilo. Yeye alikuwa mwanariadha aliyeandaliwa na aliyetumwa na nchi. Mwaka 1970 alirudi uwanjani akashika nafasi ya tano katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Wewe umetumwa na nani? Watoto wako wanakungoja shambani. Ukiumia, simama. Mbio ziko na mwakani.

Wala usiuze mbuzi ili uende Moshi. Ada ya mtoto shuleni inatangulia nauli ya mbio. Barabara ya kijiji haina kiingilio.

Pendekezo langu

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifika vijijini. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Walipigana na maradhi ya mbu na ya maji machafu. Kazi ile haijaisha. Lakini sasa yameingia maradhi mengine yasiyo na mbu. Hayafukuzwi kwa kufyeka majani. Yanafukuzwa kwa miguu, kwa chakula bora na kwa kupima.

Kwa hiyo naomba serikali za vijiji vyetu zifikiri jambo hili. Baada ya mavuno, kila kata iwe na siku moja ya kutembea na kukimbia. Wazee watembee kilomita 3. Wengine wakimbie kilomita 5 au 10. Waliojiandaa wakimbie kilomita 21. Akina mama wasiachwe jikoni kupika chakula cha wakimbiaji. Binti zetu hukimbia vizuri shuleni. Wakiolewa tunawaambia kukimbia ni aibu. Aibu ya nini?

Na mbio zisianze kabla ya kupima. Muuguzi awe na meza yake mwanzoni mwa njia. Atakayepita meza ile ndiye akimbie. Atakayezuiwa asichekwe. Huenda yeye ndiye aliyepata zawadi ya siku hiyo.

Yule mama wa maharage bado ananiuliza nani ananifukuza. Siku hizi najua jibu. Nimemwambia, "Kiharusi, mama. Kinatufukuza wote." Jumatatu iliyopita nilimkuta zahanati. Alikuwa ameketi kwenye benchi, kikapu miguuni, anangoja zamu yake ya kupima.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni nani katika kikundi chetu amepima presha mwaka huu? Ambao hawajapima watakwenda lini?

2. Kwa nini jirani wa mwalimu aliacha dawa? Je, ilikuwa vizuri?

3. Ni safari gani tunazokwenda kwa bodaboda ambazo tungeweza kwenda kwa miguu?

4. Kijiji chetu kikitaka kuwa na siku ya kutembea na kukimbia, tuanzie wapi na tuishie wapi?